Uafisa JWTZ: kidato cha sita moja kwa moja au shahada kwanza? (vijana wa Mwanza)

Mtemi_Pasiansi (mwanzisha uzi)

Wakuu, naomba ulinganisho wa watu wanaoujua mfumo, siyo wa vijiweni. Dogo ana miaka 20, kamaliza kidato cha sita PCM hapa Nyamagana. Anataka kuwa afisa na baadaye kuongoza kikosi, siyo kuvaa gwanda tu. Njia tunazobishania nyumbani ni nne: aende JKT kisha aombe kwa cheti cha kidato cha sita, asome shahada kwanza, SAUT au kwingine, ndipo aombe, aingie askari wa kawaida apande taratibu, au aachane na jeshi aende Polisi. Ipi inamfikisha kwenye ukamanda, na kila moja inakwamia wapi?

Bwalo_Kuu

Mkuu, kuingia jeshini ni jambo moja na kupata kamisheni, yaani hati ya uafisa, ni jingine. Nyuzi za namna hii huharibikia hapo. Hakuna fomu ya Monduli inayogawiwa uraiani. Kijana anaingia JWTZ kwa tangazo la uandikishaji, anapitia ukuruta (mafunzo ya awali ya askari) kule Kihangaiko, Msata, ndipo wenye sifa wanasailiwa na kuchaguliwa kuwa maafisa wanafunzi. Wengi wanakwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, wachache wanapelekwa vyuo vya nchi rafiki. Mwisho wa kozi Amiri Jeshi Mkuu anawatunuku kamisheni kwa cheo cha Luteni Usu. Mwenye shahada naye anakula vumbi la ukuruta kama wenzake.

Monduli kwenyewe kuna kozi ya kawaida ya takriban mwaka mmoja, na kuna Shahada ya Sayansi ya Kijeshi ya miaka 3 kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Hiyo ya pili ndiyo imebadilisha mjadala wenu wa nyumbani: kijana wa kidato cha sita akichaguliwa, anatoka na nyota begani na shahada mkononi, na miaka mitatu yote imehesabika jeshini.

Sasa umri. Tangazo la 2025 liliweka ukomo wa miaka 24 kwa kidato cha nne na cha sita, 26 kwa stashahada, 27 kwa shahada na 35 kwa madaktari bingwa. Dogo wa miaka 20 akisoma shahada ya miaka 3 anamaliza na 23 au 24. Uhandisi wa miaka 4, ana 24 au 25. Udaktari miaka 5 na mwaka wa mafunzo kazini, amefika 26 au 27 na mlango unafungwa. Na tangazo halina tarehe kama mtihani wa NECTA. Likichelewa miezi kumi, aliyebakiza mwaka mmoja ameumia.

Kwangu mimi, kwa lengo la ukamanda, namba moja haina mpinzani.

Kirumba_Darubini

Naongezea upande wa ukamanda, maana watu wanadhani kila afisa ni kamanda. Ngazi ya mapigano inakwenda hivi: Luteni Usu na Luteni wanashika platuni, watu kama 30 katika seksheni tatu. Kapteni au Meja anashika kombania, watu mia na ushei. Luteni Kanali ndiye anayetazamiwa kushika kikosi. Katikati ya hizo nafasi kuna miaka ya mezani: unadhimu (kupanga na kuratibu shughuli za jeshi), ukufunzi, makao makuu. Asiyeipenda kazi ya makaratasi hafiki mbali, kwa sababu kamanda wa kikosi anaishi kwa taarifa, bajeti ya mafuta na ratiba za mafunzo kuliko kwa bunduki.

Kuna mageti mawili yanayochuja. La kwanza ni Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti, Arusha, wanakokwenda maafisa wa ngazi ya Meja na Luteni Kanali. La pili ni Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, kilichoanzishwa 2012, kwa Makanali na Mabrigedia. Bila Duluti, usitegemee kikosi.

Halafu jambo ambalo vijana hawaulizi kabisa: umri wa kustaafu jeshini unafuata cheo. Afisa wa cheo cha chini anastaafu mapema kuliko wa cheo cha juu. Anayepata kamisheni na miaka 28 anakimbizana na saa tofauti na aliyeipata na 23, hata kama wako kozi moja na alama sawa.

Gati_la_Kamanga

Hapo sikubaliani moja kwa moja. Mnamhesabia dogo kana kwamba kuchaguliwa ni uhakika. Akiingia kwa cheti cha kidato cha sita na asichaguliwe kuwa afisa mwanafunzi, anabaki askari. Mwenye shahada ya uhandisi asipochaguliwa, au asipoitwa kabisa, ana kazi ya kufanya Mwanza: meli, migodi ya Geita, viwanda vya samaki. Mzazi lazima ahesabu na upande huo.

Kirumba_Darubini

Ni kweli kama lengo ni ajira. Mleta uzi kasema lengo ni kuongoza kikosi. Mhandisi, daktari na mwanasheria wanaingia jeshini kwa taaluma zao na wanapanda kwa taaluma hizo. Daktari aliyesoma Bugando anaweza kufika Brigedia Jenerali na kuendesha hospitali ya jeshi, lakini hatapewa kikosi cha miguu. Ukitaka amri ya mapigano usijifunge kwenye fani inayokuhifadhi karakana au wodini.

Bwalo_Kuu

Suluhu ya pande zote mbili: aombe sasa kwa kidato cha sita, na wakati anasubiri ajisajili chuo. Ukomo wa 24 unampa miaka minne, na wa shahada unampa mitatu zaidi baada ya hapo. Akiitwa akiwa mwaka wa pili, aamue siku hiyo. Na njia ya tatu, ya kuanzia askari wa kawaida, ndiyo ndefu kuliko zote: Koplo, Sajenti, mpaka Afisa Mteule ni vyeo vya heshima na ndivyo vinavyobeba jeshi, ila siyo kamisheni. Wapo wanaochaguliwa kutoka huko kwenda Monduli. Kwa mtu anayeota kikosi, miaka imeshaliwa.

Doria_Ziwani

Polisi nitaongea kwa ufupi. Mwenye shahada anaanza Konstebo baada ya mafunzo, vyeo vinapandishwa kwa kozi na nafasi, na maafisa wanasomea Kurasini. Kwa mtu anayependa ziwa kuna Polisi Wanamaji hapa Mwanza, na ni kazi ya kweli: uvuvi haramu, magendo, mitumbwi inayozama. Lakini kuna mtego. Tangazo la JWTZ hukataa aliyewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo (magereza ya Zanzibar) au KMKM (kikosi cha kuzuia magendo Zanzibar). Yaani "aanze Polisi, jeshi baadaye" ni kujifungia mlango mwenyewe.

Kama anachotaka ni maji na jeshi kwa pamoja, kuna Kamandi ya Wanamaji, makao yake Kigamboni. PCM inamsaidia huko. Na ajue kuogelea kweli, siyo kuelea na dumu. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, wapiga mbizi wa jeshi walikuwa sehemu ya uokoaji. Huko haendi mtu anayeshikilia ukingo wa boti.

Mtemi_Pasiansi

Nashukuru sana wakuu. Tunaelekea namba moja. Niambieni sasa wengi wanatemwa wapi, ili turekebishe mapema.

Mama_wa_Igoma

Majina, mwanangu. Majina ndiyo muuaji wa kwanza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Masanja Lukas, NECTA inasema Lucas Masanja, NIDA imeweka na jina la babu. Cheti cha NECTA ndicho kigumu kubadilika, kwa hiyo vingine vikifuate hicho. Anzia RITA kwa cheti cha kuzaliwa, kisha NIDA, halafu hati ya kiapo kwa tofauti ndogo inayobaki. Usingoje tangazo litoke ndipo upange foleni RITA. Tangazo linaweza kuwa wazi majuma machache tu, na foleni hiyo wengi wanaifahamu.

Barua huandikwa kwa mkono. Aiandike mwenyewe, kwa mwandiko wake, siyo ya dada mwenye mwandiko mzuri. Aambatanishe nakala ya kitambulisho au namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha JKT kama amepitia, na namba ya simu ambayo haitabadilishwa. Kijana anabadilisha laini kila akipata ofa, halafu analalamika hakuitwa!

Na asilipe mtu hata shilingi. Uandikishaji hauuzwi. Anayesema ana "nafasi mbili za afande" ni tapeli, awe anavaa kombati au suti.

Zahanati_Butimba

Upande wa afya, watu wa kanda yetu tuna jambo letu: kichocho. Aliyekua akiogelea Luchelele, Kayenze au visiwani anaweza kuwa nacho bila kujua. Kichocho cha ziwa letu kwa kawaida ni cha tumbo, kinaonekana kwenye choo kikubwa, siyo mkojo peke yake, kwa hiyo apime vyote viwili. Dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na anayepima uzito na kutoa dozi ni mhudumu wa afya, siyo duka la mtaani. Arudie kipimo baada ya wiki kadhaa. Akirudi kuogelea palepale anaambukizwa upya, basi mazoezi ya kuogelea yahamie bwawani.

Mengine: meno yaliyotoboka yazibwe, macho yapimwe sasa, presha ipimwe asubuhi akiwa ametulia. Wengine presha yao inapanda kwa kahawa na kukosa usingizi usiku wa kuamkia usaili.

Mbio: aanze kilomita 5 mara tatu kwa wiki, aongeze si zaidi ya sehemu moja ya kumi kila wiki. Anayeruka hadi kilomita 15 kwa pupa anaumia muundi, na maumivu hayo yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa, wiki sita nje. Mzigo mgongoni uje baada ya miezi miwili, kilo 5 kwanza. Milima ya mawe ya Mwanza inatosha kabisa. Monduli ni juu zaidi na baridi kuliko huku, pumzi inamkata mgeni siku za mwanzo.

Gati_la_Kamanga

Mimi nimebishana lakini nachangia hili: ramani. Wapo wanaoanguka hapo, siyo kwenye mbio tu. Anunue karatasi ya ramani ya Mwanza ya 1:50,000 ofisi za upimaji na ramani. Sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini. Gridi (namba za kutaja mahali kwenye ramani) ya tarakimu 6 inakuweka ndani ya mita 100, ya tarakimu 8 ndani ya mita 10. Somo linaloangusha ni kusoma mashariki kwanza ndipo kaskazini. Ukigeuza, umepeleka platuni ziwani. Ahesabu hatua zake kwa mita 100 tambarare, kila mguu wa kushoto ukigusa chini: wengi hupata 60 na kitu. Kisha arudie kupanda mlima, namba itaongezeka, aiandike.

Na ajizoeze kutoa amri kwa mpangilio wa vichwa vitano: hali, lengo, utekelezaji, utawala na lojistiki, ukamanda na mawasiliano. Hata kazi ya kuhamisha viti vya harusi inaweza kuandikwa hivyo. Kichwa cha nne ndicho vijana hukiruka, na ndicho kinachoua operesheni: nani ana maji, nani ana betri za redio, majeruhi anapelekwa wapi.

Mtemi_Pasiansi

Swali la mwisho. Orodha ya JKT mujibu wa sheria ikitoka na akapangiwa Rwamkoma, abebe nini?

Bwalo_Kuu

Rwamkoma ni hapo Mara, nauli haitawaumiza. Afuate orodha ya tangazo neno kwa neno: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba ngumu za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na suti ya michezo ya kijani au bluu. Vyeti halisi akae navyo kwenye mfuko wa plastiki, nakala abaki nazo mzazi. Raba azivae wiki mbili kabla. Mpya kabisa siku ya kwanza ni malengelenge kabla ya chakula cha mchana.