Naomba ushauri: wapi nimpeleke mzee atazame machweo bandarini Tanga?

Wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu. Baba yangu, aliyepakia katani melini hapa Tanga hadi alipostaafu na ambaye sasa anatumia kiti cha magurudumu, ameniomba nimpeleke akatazame jua likizama juu ya bandari. Kwa kuwa pwani yetu imeelekea mashariki, naona inafaa tukae Raskazone na kutazama magharibi kuvuka ghuba, kule jua linakoshukia upande wa milima ya Usambara. Nahitaji sana kujua ni sehemu gani ya ufuko huo yenye njia tambarare na kivuli. Giza la kwetu huingia upesi. Je, saa moja usiku bajaji zinapatikana huko?