Makumbusho madogo ya historia: wenyeji wawe na sauti, au wabaki watazamaji?

Hoja iliyo mezani ni hii: makumbusho madogo ya historia ya mahali yakishadorora, watu wake wakawa wanapita mlangoni bila hata kugeuza shingo, yafufuliwe vipi? Wachangiaji wawili wamenitangulia. Wa kwanza anataka fedha ziende kwenye jengo: rangi, taa, skrini za kugusa. Wa pili anaonya kwamba wenyeji wakiachiwa waamue kinachoonyeshwa, historia itageuka porojo, hivyo kazi hiyo wabaki nayo wataalamu. Napingana na wote wawili, ila huyu wa pili ana hoja nzito na ndiye nitakayekaa naye zaidi.

Kuhusu skrini sina mengi. Makumbusho yenye wafanyakazi wawili watatu hayana fundi wala fungu la matengenezo. Na hata ikiwa nzima, skrini itasimulia yaleyale ambayo hayakumvuta mtu yalipokuwa kwenye karatasi.

Watu hawaji kwa sababu hawajioni mle ndani. Kabati la kwanza lina picha ya mkubwa fulani, la pili nishani zake, la tatu viti vyake. Mkunga hayumo, dereva hayumo, hata mwashi aliyejenga jengo lenyewe hayumo.

Mwaka 1967 Smithsonian, taasisi ya Marekani yenye makumbusho mengi, ilifungua makumbusho ya mtaa huko Anacostia, eneo la Wamarekani Weusi mjini Washington, ndani ya jengo lililowahi kuwa ukumbi wa sinema. Aliyekabidhiwa uongozi, John Kinard, alikuwa mchungaji aliyefanya kazi na vijana, wala hakutokea kwenye fani ya makumbusho. Mwaka 1969 wakaandaa maonyesho kuhusu panya, na panya wenyewe, wazima kabisa, wakawekwa wakaonekana. Ofisi gani ya wataalamu ingewaza panya? Lakini panya ndio waliokuwa wakiwasumbua wakazi majumbani mwao, na makumbusho yakakubali kwamba kero ya mtu wa kawaida nayo ni historia. Makumbusho hayo yapo hadi leo.

Sasa nije kwenye porojo. Ni kweli kumbukumbu hudanganya, na kila ukoo hupenda kujipamba. Lakini tazama walivyofanya District Six, Cape Town. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza eneo hilo kuwa la Wazungu peke yao, na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa, nyumba zikabomolewa. Makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1994, ndani ya kanisa la zamani la Kimethodisti, sakafuni palitandazwa ramani kubwa ya mitaa iliyofutwa. Waliohamishwa waliinama wakaandika majina ya familia zao pale nyumba ziliposimama. Juu yao vilining'inia vibao vya majina ya mitaa vilivyonusurika ubomoaji.

Kumbukumbu ikishaandikwa mahali pamoja, mbele ya macho ya majirani, haielei tena hewani. Jirani atasoma na kusema, "Hapana, hapo palikuwa kwetu." Ubishi huo ndio mwanzo wa uchunguzi, na hapo mtaalamu anapata kazi nzito kuliko aliyokuwa nayo: kulinganisha masimulizi na hati za viwanja, rejista na magazeti ya zamani, kisha kuandika kwenye maelezo nani anasema nini na wapi wanapingana. Hatari ninayoiogopa mimi ni nyingine, kwamba wenye sauti kubwa watateka chumba kizima, na aliyehamia juzi au aliyeonewa atanyamazishwa na wengi. Ndiyo maana sitaki kura ya kunyoosha mikono. Chumba kimoja kitolewe kwa zamu, kundi hili miezi kadhaa, kisha lingine, na wafanyakazi wawe na neno la mwisho kwenye mambo mawili tu: usalama wa vitu, na uongo uliothibitishwa.

Wataalamu wenyewe wamebishana sana juu ya jambo hili. Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilishindwa kuafikiana kuhusu maana mpya ya makumbusho mjini Kyoto mwaka 2019, likaahirisha kura. Maana iliyopitishwa Prague mwaka 2022 inataja ushiriki wa jamii waziwazi.

Imani ya wenyeji kwa makumbusho nayo ina mwanzo wake. Familia nyingi hukataa kutoa picha zao kwa sababu wanajua waliotoa na hawakuziona tena. Basi mtu alete picha, ipigwe nakala mbele yake, aondoke nayo siku hiyohiyo. Kinachoning'inizwa kiwe nakala, maana mwanga hufifisha picha na nguo za kale, na kilichofifia hakirudi. Na mlango ufunguliwe jioni na mwisho wa juma, wanapokuwa na nafasi watu wa kazi.

Mchangiaji wa pili naomba anijibu hili. Stoo za makumbusho ya namna hii huwa na picha nyingi zisizo na jina wala mwaka. Ikiwa kuna picha ya harusi, watu ishirini wamesimama mbele ya nyumba isiyokuwepo tena, mtaalamu atawatambuaje bila kuwaita wazee waliokuwa majirani zao? Na wakishawataja wote ishirini, kwa haki gani tutawaambia kwamba mahali pa kuitundika picha hiyo hapawahusu?