Albamu bora ya mwaka hapa Kigoma imechaguliwa na watu wasioisikiliza, na mama wa watu amekatizwa akiongea

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Nilitaka kuuandika usiku uleule wa Jumamosi, mke wangu akaniambia nilale kwanza. Nimelala siku mbili na hasira iko palepale, kwa hiyo naandika.

Hapa Mwanga tuna kikao cha wapenda muziki. Kilianza 2016 kwenye kibanda cha fundi simu, watu saba na spika moja. Kila Jumamosi ya mwisho ya Desemba tunakutana, na kila mtu anakuja na albamu tatu alizozipenda mwaka huo. Unasimama, unasema kwa nini umezipenda, halafu unapiga ngoma moja ambayo SIYO ile inayopigwa kila bajaji. Wenzako wanakuuliza lolote. Kura hatuna. Tukikubaliana tunaondoka na orodha moja, tusipokubaliana tunaondoka na mbili, na hakuna aliyewahi kununa.

2021 tulikesha na Only One King ya Ali Kiba. Ngoma 16. Mwenzetu mmoja akang'ang'ana kwamba zingebaki kumi albamu ingekuwa nzito zaidi, wengine wakamkatalia, ikabidi tuirudie yote kuanzia ya kwanza ili kila mmoja aoneshe ni zipi angezitoa. Saa nane usiku bado tuko pale. 2022 likaja la FOA ya Diamond: ngoma kumi, lakini mwenyewe ameiita EP, yaani kazi fupi kuliko albamu. Je, tuipime na albamu? Tukaamua neno la mwenye kazi liheshimiwe, tukaiweka na EP wenzake. Watu walibishana kwa sababu walikuwa wamesikiliza. Huwezi kubishana hivyo kama umeonja onja tu.

Sasa mwaka huu.

Mwezi wa kumi akaja mtangazaji wa redio moja ya hapa mkoani. Simtaji yeye wala redio yake. Akasema kikao chetu ni kizuri, kikue. Atatupa ukumbi, spika kubwa na zawadi. Masharti yake matatu: kura zipigwe kwenye kundi la WhatsApp, mwisho wa kupiga kura tarehe 30 Novemba, na albamu isiyopatikana kwenye programu za muziki za mtandaoni isihesabiwe. Nilipinga. Nikaambiwa nazuia maendeleo. Kamati ikakubali masharti yote matatu, na ndani ya kamati hiyo wamo wawili kati ya wale saba wa kibandani. Hilo ndilo linaniuma kuliko la mtangazaji. Yeye ni mgeni kwetu, wao wanajua tulikotoka.

Tarehe 28 tukaingia ukumbini. Watu wengi, viti vimejaa, vijana wamependeza. Kijana aliyechaguliwa kuitetea albamu iliyoongoza kwa kura akapanda jukwaani. Akaongea kuhusu watazamaji wa YouTube, akaongea kuhusu wafuasi wa Instagram, akaongea kuhusu gari la msanii. Dakika kumi na moja. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza kwa adabu kabisa: ndugu yangu, ngoma ya nne kwenye hiyo albamu inaitwaje, na inazungumzia nini?

Kimya.

Nikamwambia basi, chagua yoyote ambayo haijatolewa video. Akamwangalia mtangazaji. Mtangazaji akachukua maiki akasema "tusiwatishe vijana", na ukumbi ukanizomea MIMI. Baadaye nje nikawauliza watu kumi na wawili niliowafahamu kwamba wameipigia kura. Wawili tu walikuwa wameisikiliza mwanzo mwisho. Wengine wanaijua ile moja, au wanampenda msanii, au waliona wenzao kwenye kundi wamepiga wakafuata.

Albamu yenyewe siitaji, kwa sababu msanii hana kosa, na kwangu mimi ni albamu nzuri. Ngoma ya nne, ambayo mtetezi wake haijui, ndiyo bora kuliko zote humo. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira: hata aliyeshinda ameonewa! Amekaa studio akapanga kipi kianze na kipi kimalizie, halafu anapewa ushindi kwa kazi ambayo hakuna aliyeigusa.

Lakini sikufungua uzi kwa sababu ya huyo kijana. Nimeufungua kwa sababu ya mama mmoja wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Mama huyu anaanika dagaa. Anakuja kwenye kikao chetu tangu 2018, na siku zote anakaa nyuma. Jina lake ninalihifadhi. Ninyi mnaojua mwalo wa Kibirizi mnajua kazi ile: wavuvi wanaingia ziwani usiku na taa zao, alfajiri boti zinarudi, dagaa wanamwagwa na kuanikwa, na jua likipanda lazima wageuzwe. Wakichelewa kugeuzwa wanaungua upande mmoja. Mama hana saa. Ana redio ndogo ya flashi. Anaweka albamu inapoanzia, na ikifika mwisho anajua muda wa kugeuza umefika. Albamu ikiwa fupi anaongeza nyimbo mbili za mwanzo. Ameniambia haruki wimbo hata ukiwa mbaya, maana akiruka hesabu ya jua inaharibika. Sasa niambieni, katika mji huu wote, nani anasikiliza albamu kuliko yeye? Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, anarudia zile zilizomchanganya. Mwaka huu wa 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, dagaa hakuna, akawa anauza maandazi, na anasema ndiyo miezi aliyosikiliza kuliko yote.

Ana daftari. Nimeliona kwa macho yangu. Kila ukurasa albamu moja, nyimbo zimepangwa kwa namba, na pembeni ameandika neno moja au mawili.

Mwaka huu alikuja na albamu ya kwaya kutoka upande wa pili wa ziwa. Nyimbo tisa, Kiswahili cha kule Kongo. Imevuka ndani ya flashi ya mfanyabiashara anayekuja na boti kutoka Kalemie, pamoja na karatasi iliyokunjwa yenye majina ya nyimbo na mwaka, 2024. Aliniazima wiki tatu kabla. Wimbo wa kwanza ni wa msiba, sauti tupu bila ala. Wa tano ni tuni ileile ya wa kwanza, lakini sasa ngoma zimeingia na mwendo umekuwa wa haraka. Wa tisa unamalizwa na watoto. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona kwaya kama kwaya nyingine. Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe umeanzia katikati. Rudi kwenye msiba ndipo utajua hawa watoto wanashangilia nini." Nikarudi. Wakuu, nililia, na sioni aibu kusema.

Jumamosi zamu yake ikafika. Amevaa kitenge kipya, daftari mkononi. Ameongea labda dakika mbili, hajafika hata wimbo wa pili, mtangazaji akamkatiza: "Mama samahani, hiyo kazi ipo mtandaoni?" Akajibu haipo, ipo kwenye flashi. "Basi haihesabiki mama, tupishe tuendelee na ratiba." Fundi mitambo akapiga ngoma nyingine mama akiwa bado amesimama. Watu wakaanza kucheza. Mama akafunga daftari lake, akashuka, akatoka. Nilimkuta nje anasubiri bajaji. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama nimeirudisha ile flashi, maana ni ya watu.

Haihesabiki! Hivi tunajua mtandao wenyewe unahesabu nini? Spotify, programu ya muziki iliyofunguliwa Tanzania 2021, inahesabu wimbo umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Sekunde 30, wimbo wa kwanza wa ile kwaya bado hawajavuta pumzi ya pili. Marekani, jarida la muziki la Billboard walipoanza mwishoni mwa 2014 kuchanganya mtandao kwenye chati ya albamu, walisema nyimbo kutoka albamu moja zikisikilizwa mara 1,500 ni sawa na albamu moja kuuzwa. Hawakusema zigawanywe kwa nyimbo zote. Wimbo mmoja ukipigwa mara 1,500 na mingine yote ikapigwa sifuri, kwenye hesabu ni albamu. Wao wana biashara yao na sababu zao. Sisi wa Mwanga, watu sitini ukumbini tunaoweza kuulizana uso kwa uso, tunakopa kipimo hicho ili iweje?

Na huko kufunga tarehe 30 Novemba, mwaka wa nani unaishia Novemba? 2013 Beyoncé aliachia albamu tarehe 13 Desemba bila kutangaza, wakati magazeti mengi ya huko yameshachapisha orodha zao za mwaka. Karibu zaidi na sisi, Fally Ipupa ameitoa Formule 7 katikati ya Desemba 2022, na mnajua Kigoma ilivyo kwa muziki wa Kongo, Krismasi ile yote ilikuwa ni yeye. Kwa sheria hii mpya asingekuwemo 2022, na 2023 wangesema imepitwa. Sisi tulikuwa tunakutana mwisho wa Desemba kwa makusudi.

Baba yangu alikulia Tabora. Mji ule ulikuwa na bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz wenye mtindo wao wa segere matata. Mwanamuziki Shem Karenga alipitia bendi ya Lake Tanganyika Jazz hapahapa Kigoma kabla ya kwenda kupiga Tabora Jazz. Mtandao haukuwepo. Bendi nyingi za enzi zile zilirekodiwa Radio Tanzania, na msikilizaji alijua kazi kwa kukaa karibu na redio au kwenda dansini na kusikiliza mpaka wamalize. Baba hadi leo anakuambia gitaa gani linaingia wapi. Leo angesimama ukumbini akaambiwa haihesabiki, mzee tupishe.

NYONGEZA, saa tatu usiku. Nimesoma michango yenu, nawajibu wachache.

Ndugu unayesema bando ni ghali ndiyo maana watu wanasikiliza ngoma moja moja: hapo tuko pamoja, na ndiyo maana flashi ya mama ilipaswa kuheshimiwa kuliko kitu chochote. Kibandani tulikuwa na sheria ya kurushiana mafaili wiki mbili kabla, anayenunua anawagawia kundi lote waonje, na kazi ikimpendeza mtu anakwenda kuitafuta kihalali. Sheria hiyo imekufa mwaka huu kwa sababu kila mmoja aliambiwa apige kura tu.

Dada unayesema kwaya isishindanishwe na Bongo Fleva: sikuomba ishinde. Niliomba amalize kuongea. Soma tena.

Na wewe unayesema nina wivu na kijana aliyetetea, nimezungumza naye leo mchana pale stendi. Amekiri kwamba aliletewa maelezo kwenye karatasi siku moja kabla ya kikao. Ameomba nimrushie albamu nzima na nimemrushia. Sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni na kamati, na bado hawajanijibu simu.

Kamati, mpo humu na najua mnasoma. Ninachotaka ni hiki. Mwende Kibirizi mkamwombe mama radhi, ninyi wenyewe, msimtume mtu. Ukumbi na zawadi mrudishieni mtangazaji. Kura zife.

Mkikataa pia sawa. Sisi watano tuliobaki tumeshakubaliana. Jumamosi hii, tarehe 4 Januari, saa kumi na mbili jioni, kibandani kwa fundi. Mama amekubali kuja. Ilinichukua safari mbili kumshawishi, ya pili nilienda na mke wangu. Tutaipiga ile albamu ya kwaya kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa tisa bila mtu kuongea, halafu mama atafungua daftari na ataongea mpaka aseme amemaliza. Fundi ameandaa betri ya gari kama umeme utakatika. Viti viko kumi na vinne tu, kwa hiyo anayekuja aje na kigoda chake, na aje na albamu aliyoisikiliza yote.