Naomba ushauri: mpwa aliyefika Septemba anahesabika kwenye EITC (nafuu ya kodi ya Marekani kwa wafanyakazi wa kipato kidogo)?

Habari zenu ndugu. Tunaishi Columbus, Ohio, na kodi ya 2024 bado hatujatuma. Mume wangu yuko ghalani na wikendi anaendesha Uber, mimi nasafisha ofisi usiku. Jumla yetu ni kama dola 58,000, mafuta ya gari hayajatolewa. Tuna watoto wawili, na mwezi wa tisa mwaka huo tulimpokea mpwa wangu wa miaka 12 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wote wana namba ya Social Security.

Mtu anayetujazia fomu anang'ang'ania tuandike watoto watatu. Kwa mke na mume, ukomo wa kipato wa EITC kwa 2024 ungepanda kutoka dola 62,688 hadi 66,819, na hela ya kurudishiwa ingeongezeka. Lakini nijuavyo, mtoto lazima awe ameishi nanyi humo humo Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Huyu mwaka huo alikaa nasi miezi minne tu! Ukidai bila kujali kanuni unaweza kufungiwa EITC miaka miwili, na sisi hela hiyo ndiyo inayotulipia madeni ya kodi ya nyumba.

Waliowahi kupokea ndugu katikati ya mwaka, mlimwandikaje? Je, anaweza kuingia kwenye zile dola 500 za nafuu ya kodi kwa mtegemezi wa kawaida?

Na kwa Uber, mume wangu ana daftari la maili, kila safari na tarehe yake. Linatosha kukata kwenye mapato yake zile senti 67 kwa maili za mwaka 2024, au wanadai na risiti?

Natanguliza shukrani.