Dobi kaniharibia nguo nne kwa mfuo mmoja, halafu ananionesha risiti: "hatuhusiki"

Assalamu alaykum jamani.

Nina hasira na sitaki kujifanya sina. Nguo nne. Wala si za kushindia nyumbani, ni nguo za harusi ya mwanangu, na ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Jina la duka silitaji. Liko hapa hapa Mjini Unguja, lina mashine kubwa zinang'aa mlangoni na kibao "tunafua nguo za aina zote". Nitaeleza yaliyotokea kama yalivyo, maana naamini wengi wetu tunarudishiwa nguo zilizouliwa tukadhani zimechakaa zenyewe.

Nguo za heshima mie nafua mwenyewe tangu nilipojua kushika beseni. Mwezi uliopita niliteleza kwenye ngazi, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, na daktari kanikataza kukamua hata kitambaa cha meza. Ndio nikaenda kwa dobi. Nikagawa mifuko mitatu kwa mkono mmoja. Wa kwanza vyeupe vitupu, kanzu mbili za pamba na kofia ya viua. Wa pili doti ya kisutu, yaani pea ya kanga za harusi, mpya, haijapata kuingia maji. Wa tatu joho la sufu la marehemu baba, mtandio wangu wa hariri na baibui. Vipande vinane. Nikamwambia kijana kwa mdomo wangu: "Mwanangu, kisutu hiki kipya, kitachuja, kifue peke yake. Joho na mtandio visiingie mashine kabisa." Akaitikia "sawa mama, usijali", akaandika kwenye risiti "vipande 8". Hakuandika jengine. Nililiona hilo nikaliacha, na linaniuma mpaka sasa. Nikalipa shilingi 24,000 zote, hapo hapo.

Siku ya tatu nakwenda kuchukua, nakuta mifuko yangu mitatu imekuwa mmoja. Hapo moyo ukashtuka kabla sijafungua.

Nianze na kofia, kwa sababu ndiyo inayonitoa machozi. Kofia ile nimeishona mwenyewe, jioni baada ya kazi, miezi minne na ushei. Asiyejua viua aelewe: kila kitundu kinatobolewa kwenye kitambaa, halafu kinazungushiwa uzi mweupe kwa sindano, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ukingo wake usimame kama pete. Vitundu mia na mia. Ukivuta uzi zaidi kitambaa kinakunjana, ukilegeza kiua kinafumuka. Kofia ya namna hii haifuliwi kwa nguvu. Inalowekwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, inasuguliwa kwa ncha za vidole palipokaa jasho tu, inasuzwa, inatiwa kanji nyepesi, halafu inavalishwa juu ya bakuli lenye ukubwa wa kichwa ikaukie hapo, ikae na umbo lake.

Nimerudishiwa kitu kama kitambaa cha kufutia vyombo. Imelala bapa, imekunjwa katikati na ule mkunjo umepigwa pasi! Nimeigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikahesabu viua vilivyofumuka: kumi na kimoja, saba kati yao upande wa mbele, pale pale juu ya kipaji. Nyuzi zake ukizivuta kwa ukucha zinakatika kama uzi uliokaa juani miaka kumi. Nikauliza mmetia nini humu. Kijana, Mungu ambariki kwa ukweli wake, akasema: "Zilitoka pinki kidogo mama, ile kanga ilichuja. Tukazitia jiki, zikarudi nyeupe."

Yaani kile nilichomkataza ndicho walichofanya, halafu wakafunika kosa kwa kosa kubwa zaidi. Kanga mpya ina rangi iliyozidi, haijashika yote kwenye uzi, na nyekundu na nyeusi ya kisutu ndizo mbaya kuliko zote. Mfuo wa kwanza mpaka wa tatu inafuliwa peke yake kwa maji baridi, basi. Watu wanatia chumvi, wengine siki. Mie naona kinachosaidia ni maji baridi na kuitenga. Na jiki ni klorini. Pamba inaistahamili kidogo, ikiwa imechanganywa na maji mengi na kusuzwa upesi. Ukiimimina kali ukaacha, nguo inatoka nyeupe kweli, lakini umekula nguvu ya uzi. Kanzu zimepona kwa kuwa kitambaa chake ni kizito. Uzi wa kiua ni mwembamba na unabeba umbo lote la kofia, haukuweza.

Mtandio wa hariri ndio sina hata cha kuonesha. Ulikuwa rangi ya maziwa, wa mama yangu. Umetoka wa manjano kama jino la mvuta tumbaku, mgumu, na pembe moja imetoboka matundu yasiyo na ukingo, kama karatasi iliyorowa. Hariri haitoki shambani, inatoka kwa mdudu. Ni protini, kama unywele. Klorini inaila hariri na sufu, haizing'arishi. Hili si siri ya wataalamu, limeandikwa kwenye chupa ya dawa yenyewe! Hariri ni maji ya baridi, sabuni laini isiyo kali, hata shampuu ya nywele inafaa, kuibonyeza bila kuisokota, kuikunja ndani ya taulo ili taulo linywe maji, na kuianika kivulini. Jua letu hili linaila hariri hata bila klorini. Na mabibi harusi wasikie: msipake mafuta ya udi moja kwa moja juu ya hariri, doa lake halitoki. Fukizeni nguo ikiwa kavu, mafuta yapakeni mwilini.

Joho sasa. Baba alilivaa siku ya ndoa yake, na kaka yangu akalivaa kwenye yake. Lilikuwa linafika kwenye vifundo vya miguu. Nimemvisha mwanangu jana usiku, linaishia chini kidogo ya magoti, mikono imepanda, na kitambaa kimekuwa kinene na kizito kama busati. Mwanangu alijitazama kwenye kioo, akalivua polepole, akalikunja, akasema "haidhuru mama". Hilo neno ndilo lililonifanya niandike hapa.

Unywele wa sufu una magamba madogo madogo kama ya samaki. Maji ya moto yanayafungua, mashine inaupigapiga, magamba yananasana, na yakishanasana hakuna wa kuyanasua. Nguo inarudi, yaani inasinyaa, na sufu iliyorudi hivyo hairudi tena ilivyokuwa, kuvuta kote utakakovuta. Joho halihitaji hata kufuliwa mara kwa mara. Linapigwa brashi, linapigwa na hewa kivulini, palipo na doa panafutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo, na likichafuka kweli linapelekwa kwenye usafishaji wa dawa usiotumia maji. Kama duka halina huo usafishaji, jibu la mtu mwaminifu lilikuwa moja: "mama, joho hatuliwezi." Ningelirudisha nyumbani na tungebaki marafiki.

Baibui mtaona ni dogo, lakini lina hadithi yake. Baibui nyingi tunazovaa ni poliesta, jamaa ya plastiki. Pasi ya nyuzi joto za pamba inaliunguza bila kulichoma: linang'aa. Langu lina vioo kwenye viwiko, kwenye mshono wa mabega, na alama nzima ya pasi mgongoni, unaiona ncha yake. Mng'ao ule hauondoki kwa kufua. Pasi zenyewe zina alama za nukta: moja ni kama nyuzi joto 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Tatu ni za pamba na kitani. Poliesta, sufu na hariri ni mbili na usizidishe, ukipiga upande wa ndani au ukaweka kitambaa cha pamba juu. Kugeuza hiyo swichi ni sekunde moja. Sekunde moja tu!

Na baibui langu lilikuwa na lebo. Hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Lebo ina michoro mitano ambayo mtu asiyesoma lugha yoyote anaielewa: beseni la maji, pembetatu ya dawa ya kung'arishia, mraba wa kukaushia, pasi, na duara la usafishaji wa dawa. Mkono ndani ya beseni maana yake fua kwa mkono. Msalaba juu ya pembetatu maana yake usitie jiki. Nukta mbili kwenye pasi nimeshasema. Mtu anayelipwa kwa kufua kushindwa kujua michoro mitano ni sawa na dereva wa daladala asiyejua taa nyekundu. Nilimuuliza kijana lebo inasemaje, akaigeuza, akaitazama, akasema: "Mama, huku hatuzisomi, kazi ni nyingi." Simlaumu peke yake. Hakuna aliyemfundisha. Namlaumu aliyenunua mashine za mamilioni akaona mafunzo ya siku mbili ni gharama.

Mwenye duka nikampigia simu. Akaniambia nitazame nyuma ya risiti. Nikaigeuza: "Hatuhusiki na nguo itakayochuja, kurudi au kuharibika." Yaani kufua kote unakokujua wewe, madhara yake yote umeshayakataa kabla hujashika nguo. Sasa unahusika na nini? Na maneno hayo yako nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, na unayapata baada ya kulipa. Ingelikuwa kisutu kimechuja katika mfuko wake peke yake, nisingesema kitu, hiyo ni tabia ya kisutu. Lakini kuchanganya nilichokitenga huku mkono wangu umevunjika, si ajali ya kitambaa. Ni uzembe wa mtu.

Kisha akaniambia: "Bi mkubwa, nguo zenyewe zilikuwa za zamani." Ndiyo, za zamani! Nguo iliyofika umri huo katika kisiwa hiki, kwa unyevu wa masika unaotia koga mpaka viatu, kwa maji ya visima vya mawe haya ya matumbawe ambayo sabuni haitoi povu na inaacha weupe kwenye uzi, imefika kwa sababu kuna mtu ameitunza. Joho lile mama alikuwa akilitoa sandukuni kila baada ya mvua, analitandaza kivulini, analipiga brashi kufuata malaika yake, vile vinyweleo vya sufu, anatia karafuu mpya kwenye vifuko vya kitambaa, analirudisha likiwa kavu kabisa. Nondo wanaipenda sufu na hariri kuliko chochote, wala hawakulila. Aliyelila ni mashine, kwa muda wa saa moja.

Msije mkanambia ninunue jengine. Nimeshaambiwa hivyo na watu wawili leo na nimewajibu vibaya.

Ninachotaka kwa duka nimeshakisema kwenye simu na nakirudia hapa: walipe thamani ya nguo nne, si kunirudishia hizo 24,000 kama walivyotaka, na watu wao waandike kwenye risiti kila nguo na kitambaa chake na maagizo ya mwenyewe, mbele ya macho yake, asaini. Jumatatu nakwenda Tume ya Ushindani, wanaopokea malalamiko ya wateja, na risiti yangu, picha, na nguo zenyewe ndani ya mfuko ule ule mmoja. Kama na wewe umeharibiwa nguo na dobi yeyote na bado una risiti, hata ya mwaka jana, niandikie faragha ili twende pamoja, malalamiko ya mtu mmoja yanakaa chini ya faili.

Na kwa wale ambao mnapeleka nguo kesho asubuhi: pigeni picha kila nguo kaunta, na lebo yake. Za hariri, sufu na zile zenye zari msiziache mpaka mjibiwe watazifua vipi. Madera ya rayoni pia, yale laini yanayoteleza. Rayoni ikirowa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake, kinyume na pamba ambayo ikirowa ndiyo inazidi, ndio maana bibi zetu waliweza kupiga kanga juu ya jiwe na isichanike. Ukikamua dera la rayoni kama unavyokamua kanga, umelimaliza.

Mwisho, nina haja mbili na nazisema bila haya. Kwanza, natafuta fundi wa viua, mwanamme au mwanamke, Unguja au Pemba, anayeweza kurudishia vitundu kumi na kimoja kabla ya Alkhamisi. Mkono wangu hauwezi kushika sindano na macho ya wanangu hayajazoea. Uzi ninao, ule ule niliyoshonea. Pili, mwenye joho la kuazima la kijana wa karibu futi sita, nitalichukua mwenyewe na kulirudisha mwenyewe, na halitapita kwa dobi.

Kofia nimeshaitia kanji nyepesi tena, nimeivalisha juu ya bakuli, iko hapa mezani inakauka. Fundi aniandikie hata usiku wa manane, simu nimeiacha na sauti.