Mtoto mwenye ngozi kavu anyimwe karanga na mayai? Tujadili

Mama wa Nkuhungu:
Wana Dodoma, naleta hoja. Upepo huu wa Julai umechana mashavu ya watoto wetu. Wengine viwiko na nyuma ya magoti vimekuwa vyekundu, wanajikuna usiku kucha. Kila mama mwenye mtoto wa hivyo anaambiwa lile lile: asionje karanga wala yai hadi atimize miaka miwili, eti chakula ndicho kinachomtoa vipele. Mimi napinga.

Ngozi yenye ukurutu, ambao wengi tunauita pumu ya ngozi, haifungi sawasawa. Maji yanatoka, vumbi na chembe za vyakula zinaingia. Mwaka 2008 Dkt. Gideon Lack wa London alieleza nadharia yake: chakula kikiingia kwanza kupitia ngozi iliyochanika, mwili unaweza kukipokea kama adui, na huo ndio mzio (aleji); kikipitia mdomoni, unakizoea. Sasa tazameni majumbani kwetu. Karanga zinakaangwa, zinatwangwa, unga wake umejaa mikononi mwa mama na kwenye khanga anayombebea mtoto. Tumemnyima kula, lakini ngozi yake inazipata kila siku.

Timu ya Dkt. Lack ikatoa majibu ya utafiti mwaka 2015. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, waligawanywa: wengine wale karanga, wengine waepushwe. Walipofika miaka 5, mzio wa karanga kwa waliopangiwa kula ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 80. Kwa nini basi tuendelee kuwanyima?

Baba wa Kongwa:
Dada, huku kwetu karanga ni zao la nyumbani, hata wakoloni walizifuata kwa matrekta miaka ya 1940. Sina ugomvi nazo. Ila mwanangu alilambishwa yai, midomo ikavimba palepale, akatapika. Nimwongezee? Halafu hao wa London watoto walipimwa ngozi kwanza, walioonyesha dalili kubwa za mzio wakatolewa. Sisi kipimo hicho tutakipata wapi?

Mama wa Nkuhungu:
Kaka, wako usimpe tena yai. Mpeleke kwa daktari, na akivimba huku anapumua kwa shida usisubiri asubuhi. Hoja yangu ni ya yule ambaye hajawahi kuonyesha chochote zaidi ya ngozi kavu. Na kuhusu kipimo umenishika: mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kabla ya kuonja karanga.

Bibi wa Hombolo:
Wajukuu zangu, mbona mnahangaika? Mpakeni mafuta tangu siku ya kuzaliwa, ngozi iwe laini, hayo yote hayatamfika.

Mama wa Nkuhungu:
Shikamoo bibi. Natamani ingekuwa hivyo. Uingereza walijaribu: watoto zaidi ya 1,300 wenye ukoo wa mizio, nusu yao wakapakwa kila siku mwaka mzima. Majibu yalitoka mwaka 2020, ukurutu haukuzuilika. Mafuta ya mgando yanamtuliza mtoto ambaye ngozi imeshakauka, na huyo apakwe mara kwa mara, hasa akitoka kuoga. Ila mafuta ya karanga msimpake kabisa, na anayempaka anawe mikono kwanza. Tukitoka kutwanga tunamshika mtoto hivi hivi, hapo ndipo ninapoogopa.

Miezi 6 ya kwanza ni ziwa la mama tu. Baada ya hapo, karanga zisagwe ziwe laini kabisa, kijiko kidogo kwenye uji, asubuhi wakati kuna mtu wa kumwangalia. Punje nzima zinapalia, asipewe. Akizipokea vizuri, aendelee kuzipata kila wiki. Kuonjeshwa mara moja kisha kuachishwa hakutoshi.

Wauguzi wa kliniki mliomo humu, mama akija na mtoto mwenye mashavu yaliyochanika akauliza habari za karanga, mnamwambia nini?