Vikosi saidizi vya Roma dhidi ya makabila ya kaskazini: mpangilio upi ulifaa zaidi vitani?

Kalamu Kavu (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Tunapozungumzia majeshi ya Roma, sifa karibu zote huziendea lejioni, yaani vikosi vya raia wa Kirumi vyenye askari wapatao 5,000 kila kimoja, ilhali askari wasaidizi, waliotolewa katika mataifa yaliyotawaliwa na ambao wengi wao hawakuwa raia, hutajwa kwa kupitiwa tu. Naomba tulinganishe namna tatu ambazo majemadari waliwatumia dhidi ya watu wa kaskazini.

Ya kwanza ni ya jemadari Germanicus katika vita vya Idistaviso, kando ya mto Weser katika Ujerumani ya leo, mwaka 16 BK: wasaidizi wa Kigalia na wa Kijerumani walitangulia, wakafuatwa na wapiga mishale wa miguu, kisha lejioni nne, kisha jemadari mwenyewe pamoja na walinzi wake, na nyuma yake lejioni nyingine nne. Ya pili ni ya Agricola, gavana wa Roma katika Britania, katika mlima Graupius, kaskazini mwa Uskoti ya leo, mwaka 83 au 84, ambako wasaidizi walipigana peke yao na lejioni zikasimama nyuma, mbele ya boma. Ya tatu ni ya kaisari Trajan dhidi ya Wadacia ng'ambo ya Danube, kati ya mwaka 101 na 106, ambako kila taifa lilitumika kwa silaha lililozizoea. Je, ipi ilifaa zaidi, na kwa nini?

Mlinzi wa Boma

Mimi ni wa Agricola, bila kusitasita.

Tazameni hesabu yake. Askari wa miguu 8,000 wasaidizi aliwapanga katikati, na wapanda farasi 3,000 akawagawa pembeni, huku Wakaledonia, wenyeji wa huko, zaidi ya 30,000 wakiwa wametanda juu ya mteremko. Alipoona adui anaweza kumzunguka kwa wingi, alitandaza safu yake hadi ikawa nyembamba. Wengi walimshauri aziite lejioni. Alikataa, akashuka farasi, akaamuru farasi aondolewe, akasimama kwa miguu yake mbele ya bendera.

Baada ya pande mbili kurushiana mikuki kwa mbali, aliziamuru kohorti (vikosi vya mamia ya askari wa miguu) nne za Wabatavi na mbili za Watungri, makabila ya Uholanzi na Ubelgiji ya leo, zisogee na kupigana kwa panga. Hapa ndipo ujuzi wake unapoonekana, kwa sababu Wakaledonia walikuwa na panga ndefu zisizo na ncha, pamoja na ngao ndogo. Upanga wa namna hiyo unahitaji nafasi ya kuuzungusha; mtu akishakubana kifua kwa kifua, unabaki chuma cha kubeba tu. Wabatavi waliwagonga kwa kitovu cha ngao, kile kichuma cha mviringo kinachotokeza katikati, na kuwachoma nyusoni, kisha wakaanza kuupanda mlima. Wakaledonia waliokuwa bado juu waliposhuka ili wawazunguke kwa nyuma, walikutana na vikosi vinne vya wapanda farasi ambavyo Agricola alikuwa ameviweka akiba kwa ajili ya jambo kama hilo. Waliouawa ni 10,000 upande wa Wakaledonia na 360 upande wa Roma, na lejioni hazikuchomoa upanga hata mmoja. Mnataka nini zaidi?

Binti Msomaji

Mkuu Mlinzi, naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Hesabu zote hizo zimetoka kwa mwanahistoria wa Roma, Tacitus, na Tacitus alikuwa amemwoa binti wa Agricola. Mkwe anapomsimulia baba mkwe wake, msikilizaji hana budi kupunguza kidogo. Sisemi kwamba ushindi haukuwepo. Nasema kwamba ile 10,000 kwa 360 isiwe ndiyo mizani yetu.

Tena, mwandishi huyo huyo anaeleza sababu ya mpangilio ule: ushindi ungekuwa na utukufu mkubwa zaidi endapo ungepatikana pasipo kumwaga damu ya Kirumi. Maana yake ni kwamba damu ya Mbatavi haikuingia katika hesabu hiyo. Kati ya wale 360 anatajwa mmoja tu kwa jina, Aulus Atticus, kamanda wa kohorti, ambaye ujana wake na ukali wa farasi wake vilimpeleka hadi katikati ya maadui. Wengine wote hawana majina.

Kwa hiyo kura yangu naipa Idistaviso, ambako kila kundi lilimkinga mwenzake. Arminius, kiongozi wa Wakeruski, kabila la Kijerumani lililopigana na Roma siku ile, alipowavamia wapiga mishale angeweza kuwapenya, kama kohorti za Waraetia, za Wavindelici na za Wagalia zisingemzibia njia. Mpiga mishale hawezi kujilinda dhidi ya mtu aliyemfikia, na mpangilio ule ulikuwa umeliona hilo mapema.

Kalamu Kavu

Dada, na bado Arminius alitoroka.

Binti Msomaji

Ni kweli. Alijipaka usoni damu yake mwenyewe ili asitambulike. Wapo waliosema kwamba Wachauki waliokuwa miongoni mwa wasaidizi wa Roma walimtambua, wakamwachia apite.

Mzee wa Kumbukumbu

Wanangu, hapo kwa Wachauki ndipo penye kiini cha mada, nanyi mmepapita mbio. Arminius aliyekuwa akitoroka siku ile aliwahi kuwaongoza wasaidizi wa Roma, akapewa uraia na daraja la heshima, na ndiye aliyemwingiza jemadari wa Roma, Varus, katika mtego wa msitu wa Teutoburg mwaka 9. Siku zile ziliangamia lejioni tatu, ya XVII, ya XVIII na ya XIX, pamoja na vikosi vitatu vya wapanda farasi na kohorti sita za wasaidizi. Alilijua jeshi lile kama mtu ajuavyo nyumba aliyolelewa.

Ndugu yake, Flavus, alibaki upande wa Roma na alikuwa amepoteza jicho katika utumishi huo. Kabla ya Idistaviso ndugu hao wawili walisemezana kutoka kingo mbili za Weser. Flavus alitaja nyongeza ya mshahara, mkufu na taji alivyotunukiwa, na Arminius akacheka kwamba hiyo ni bei rahisi ya utumwa. Maneno yalipokolea, Flavus aliitisha silaha na farasi ili avuke, ikabidi ofisa mmoja amkimbilie kumzuia.

Binti yangu, mpangilio wako wa Idistaviso nao una doa. Katika kuvuka mto huo huo, Chariovalda, kiongozi wa Wabatavi, alivuka mahali penye mkondo mkali zaidi. Wakeruski wakajifanya wanakimbia, naye akawafuata hadi kwenye uwanda uliozungukwa na misitu, akauawa pamoja na wengi wa wakuu wake kabla wapanda farasi wa Kirumi hawajafika kuwaokoa waliosalia. Kumtanguliza msaidizi ni jambo moja, na kumtanguliza pasipo mtu nyuma yake ni jambo jingine.

Mwaka 69 Wabatavi hao hao, chini ya Julius Civilis, waliasi na kuizingira kambi ya Vetera, karibu na Xanten ya leo, mpaka lejioni mbili zikasalimu amri kwa njaa. Haikupita hata miaka 15, nao ndio waliompa Agricola ushindi wake. Msitafute sababu katika mapenzi tu. Tangu enzi ya kaisari Claudius ilikuwa imezoeleka kwamba msaidizi aliyetimiza miaka yake 25 ya utumishi anapata uraia, na watoto wake pia, na wengi walikabidhiwa hati yake iliyochorwa katika bamba la shaba.

Mpanda Punda

Trajan amesahauliwa, nami nitasema kwa ufupi. Katika nguzo yake iliyosimamishwa Roma mwaka 113, wenye ngao za umbo la yai, yaani wasaidizi, ndio wanaoonekana mara nyingi zaidi wakipigana, wakati askari wa lejioni wanakata miti na kujenga maboma. Wamo pia wapanda farasi Wamauri wa Afrika ya Kaskazini, wenye nywele za misokoto na farasi wasio na matandiko; watu hao waliongozwa na Lusius Quietus. Hata aliyemfikia mfalme Decebalus alipokuwa akijiua, na kumpelekea Trajan kichwa chake, alikuwa Tiberius Claudius Maximus wa kikosi saidizi cha wapanda farasi. Kura yangu mmeiona.

Binti Msomaji

Nguzo ni mawe ya kujisifu, Mpanda Punda, ingawa ni mazuri. Mimi huamini zaidi vibao vya mbao vilivyoandikwa Vindolanda, boma la Roma kaskazini mwa Uingereza ya leo, karibu na mahali ulipojengwa baadaye Ukuta wa Hadrian. Kimoja, cha miaka ya 90, ni orodha ya kohorti ya Watungri: watu 752 kwa jumla, lakini 456 hawapo, na 337 kati ya hao wako Coria, kituo kingine cha jeshi. Waliobaki bomani ni 296, na katika hao 31 hawafai kazi: wagonjwa 15, majeruhi 6, na wenye macho mabovu 10. Walio tayari ni 265. Katika kibao kingine kiongozi wa wapanda farasi aitwaye Masclus anaomba maagizo ya kesho, kisha anaongeza kwamba askari wenzake hawana pombe na aletewe. Jemadari anayepanga vita kwa 752 wakati mkononi ana 265 atashindwa kwa mpangilio wowote kati ya hii mitatu.

Mlinzi wa Boma

Mzee wangu, nimekuelewa, nami narekebisha kura yangu. Mpangilio wa Agricola ulifaa dhidi ya Wakaledonia, ambao hawakuwa wamewahi kula mkate wa Roma. Kama juu ya mteremko ule angekuwepo Arminius, asingewaacha watu wake wasubiri Wabatavi wawafikie. Nami ningeziita lejioni mapema.